Dampo Likifungwa: Usafi wa Seli na Uzee wa Ubongo

Kila Ramadhani inapokaribia, na Kwaresima pia, ujumbe mmoja hurudi kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, ya misikiti na ya jumuiya. Unasema kuna profesa wa Japani aliyepewa Tuzo ya Nobel kwa kuthibitisha kwamba mtu akifunga saa kadhaa, seli zake huanza kula taka zake zenyewe, kwa hiyo kufunga ni kinga ya saratani, kisukari na ugonjwa wa kusahau. Nimeletewa ujumbe huo na watu ninaowaheshimu, akiwemo shangazi yangu aliyenilea. Nusu yake ina ukweli, na ukweli huo ndio unaoubeba. Nusu ya pili imeruka mbali kuliko ushahidi. Naandika kwa sababu jambo lenyewe, yaani jinsi seli za ubongo zinavyojisafisha na jinsi zinavyoshindwa, ni zito mno kuachiwa ujumbe wa kusambaza.

Profesa huyo ni Yoshinori Ohsumi. Tuzo aliipata mwaka 2016, peke yake, na alichokichunguza ni hamira. Seli ya hamira ina kifuko kikubwa ndani yake ambacho kazi yake ni kumeng'enya vitu visivyohitajika tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ohsumi alichukua hamira iliyokosa vimeng'enya vya kifuko hicho, akainyima chakula, kisha akaitazama kwa hadubini. Baada ya saa chache kifuko kilijaa vifurushi vidogo vinavyochezacheza. Seli ilikuwa inakusanya vipande vyake yenyewe na kuvifungasha. Kwa kutafuta hamira zilizoshindwa kufanya hivyo, yeye na wenzake walizifikia jeni zinazoendesha kazi hiyo, na jeni za namna hiyo tunazo nasi. Neno otofaji, maana yake kujila, lilikuwepo tangu 1963. Alilibuni Mbelgiji Christian de Duve, ambaye miaka ya 1950 alikwishagundua lisosomu, kifuko kinachofanya kazi hiyo katika seli za wanyama na za watu.

Hapo kuna jambo ambalo wasambazaji wa ujumbe hawalitaji, nalo ndilo kiini cha hoja yangu. Ohsumi aliviona vile vifurushi kwa sababu umeng'enyaji ulikuwa umezuiwa. Hamira nzima ingevikusanya na kuvimaliza papo hapo, asione kitu. Taka zilionekana pale dampo lilipofungwa.

Anayeishi Dar es Salaam halihitaji somo hili kwa kirefu. Guta linapita mtaani asubuhi, vijana wanazoa viroba mlangoni, taka zinapelekwa pa kukusanyia, lori linazichukua hadi Pugu. Siku lori lisipokuja, au njia ya dampo ikiharibika kwa mvua, wale vijana wa guta wanaweza kujituma mara mbili zaidi na mtaa ukazidi kunuka. Kuzoa ni kazi moja, kusafirisha ni nyingine, kuteketeza ni ya tatu. Seli nayo iko hivyo hivyo. Nionavyo, mjadala wa magonjwa ya ubongo uzeeni, kuanzia kwenye simu zetu hadi kwenye makampuni makubwa ya dawa, umekuwa ukishika kazi moja na kuzisahau mbili.

Kwa nini ubongo ndio uumie zaidi? Kwanza kwa sababu ya njaa yake. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nishati yote mtu akiwa ametulia. Pili, seli zake nyingi za neva hazibadilishwi. Ngozi hujivua, damu hutengenezwa upya, utando wa utumbo hubadilika ndani ya siku chache. Nyuroni, yaani seli ya neva, uliyokuwa nayo darasa la kwanza ndiyo utakayozeeka nayo. Seli inayogawanyika ina nafuu, maana uchafu wake hugawanywa kwa seli mbili mpya, zikagawanyika tena, ukapungua. Nyuroni haina pa kuugawia. Inachokishindwa leo inalala nacho miaka 40.

Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti wa Japani yalitoa majaribio yanayofanana, na mpaka leo sijaona ushahidi ulio wazi kuliko huo. Walichukua panya na kuondoa jeni moja ya otofaji kwenye seli za neva pekee. Kundi moja liliondoa Atg5, lingine Atg7. Hawakuwapa panya hao sumu, wala hawakuwapandikizia protini mbovu ya ugonjwa wowote wa binadamu. Waliondoa mfagiaji tu. Panya walianza kuyumba wakitembea, nyuroni zao zikajaa madonge ya protini, nyingine zikafa. Kumbe hata ubongo usio na ugonjwa huzalisha taka za kutosha kuuua, zikikosa wa kuzitoa.

Katika taka zote hizo, nzito na hatari kuliko nyingine ni mitokondria iliyoharibika. Mitokondria ndiyo mitambo midogo inayotumia oksijeni kuipa seli nishati. Asili yake ni bakteria waliomezwa na seli nyingine zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita na kubaki humo kama wapangaji wa kudumu. Bado ina DNA yake yenyewe, jeni 37, ambazo kila mmoja wetu amezirithi kwa mama. Mtambo mzima unafanya kazi kwa utulivu. Uliopasuka hutoa nishati kidogo na kumwaga kemikali za oksijeni zinazounguza kila kilicho jirani. Zaidi ya hapo, ile DNA yake ikivujia nje, walinzi wa seli huiona kama DNA ya bakteria aliyevamia. Wanapiga kengele, na uvimbe wa kinga unawaka mahali ambapo hakuna mdudu. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha jambo hilo kwa panya waliokosa jeni za kusafisha mitokondria: kengele ililia, na walipoizima kengele yenyewe, madhara yalipungua.

Sasa fikiria seli zile zinazokufa katika Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Ziko katikati ya ubongo, kwenye eneo dogo lenye rangi nyeusi, na kazi yake ni kutengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kuanza mwendo na kuuratibu. Watafiti wamekadiria kwamba seli moja ya namna hiyo kwa binadamu ina matawi ambayo yakiunganishwa yanazidi mita 4 kwa urefu, na maungio zaidi ya milioni moja na seli nyingine. Mita 4, kwa seli isiyoonekana kwa macho! Kila pembe ya matawi hayo inahitaji mitokondria, na mitokondria iliyochakaa huko mwishoni sharti ifungashwe na kurudishwa njia yote hiyo mpaka karibu na kiini, kwenye lisosomu nyingi. Ni mji mkubwa wenye barabara nyembamba mno.

Kwamba mitokondria ndiyo mahali pa kuangalia, ulimwengu uliambiwa kwa njia ya kusikitisha. Mwaka 1982, huko California, vijana kadhaa walifikishwa hospitali wakiwa wamekakamaa kama wagonjwa wa Parkinson wa miaka mingi. Walikuwa wamejidunga heroini bandia iliyotengenezwa kienyeji. Daktari William Langston na wenzake waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na kemikali iitwayo MPTP. Ikifika kwenye ubongo hugeuzwa kuwa sumu inayoingia hasa kwenye seli za dopamini na kuziba hatua ya kwanza ya mtambo wa mitokondria. Mwaka 1989 watafiti wa London walikuta hatua hiyo hiyo imedhoofika kwenye ubongo wa watu waliokufa na Parkinson ya kawaida, watu ambao hawakuwahi kugusa dawa za kulevya. Mwaka 2000 panya waliopewa rotenoni, sumu ya wadudu inayoziba pale pale, walipata dalili za ugonjwa huo.

Rotenoni si jina geni sana kwetu, ila tunalijua kwa mlango mwingine. Utupa, ule mmea ambao wavuvi wa mito na maziwa yetu huuponda na kuumwaga majini ili samaki walewe waelee, una kemikali za ukoo huo. Samaki haleweshwi; mitokondria yake inakabwa. Mwaka 2011, utafiti kwa watu wanaonyunyiza viuatilifu mashambani huko Marekani uliona kwamba waliotumia rotenoni au parakwati, dawa ya kuua magugu, walikuwa na uwezekano wa kupata Parkinson kama mara 2.5 ya wenzao. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo peke yake. Lakini ukiuweka kando ya panya na kando ya vijana wa California, mimi sioni sababu ya mkulima kubeba pampu mgongoni bila glavu wala barakoa huku tukisubiri uhakika kamili. Umoja wa Ulaya ulishaiondoa parakwati mashambani mwake mwaka 2007.

Hadithi ya usafi iliingia kupitia familia ambazo vijana wao waliugua Parkinson mapema mno, wengine hata kabla ya miaka 30. Mwaka 1998 Wajapani waliipata jeni mbovu katika baadhi ya familia hizo wakaiita parkini. Mwaka 2004 ikapatikana nyingine, PINK1. Miaka kadhaa hakuna aliyejua zinafanya nini hasa. Ndipo mwaka 2008, kwenye maabara ya Richard Youle huko Marekani, ilipoonekana kwamba protini ya parkini, ambayo kwa kawaida huelea tu ndani ya seli, mitokondria ikiharibika hukimbilia kwenye ile mbovu na kuizingira.

Jinsi inavyoitambua mbovu ni jambo la kupendeza. Mitokondria nzima huivuta PINK1 ndani na kuikatakata, kwa hiyo mlangoni haionekani. Iliyodhoofika haina nguvu ya kuivuta. PINK1 inarundikana mlangoni, inaita parkini, na parkini inaibandika ile mitokondria alama za protini ndogo iitwayo ubikwitini. Msomaji aliyewahi kuona nyumba zilizojengwa kwenye hifadhi ya barabara zikichorwa X nyekundu ataelewa mara moja: aliyepigwa X anasubiri kubomolewa. Otofaji inakuja, inaifunika mitokondria yenye alama kwa utando, inaipeleka kwenye lisosomu. Mwenye jeni mbovu hana wa kuchora X. Mitambo mibovu inabaki kazini, inaunguza, inavuja.

Niwe mkweli kwa msomaji: mnyororo huu una viungo dhaifu. Panya walioondolewa PINK1 au parkini hawapati Parkinson ya kueleweka katika maisha yao mafupi. Na wagonjwa wenye jeni hizo mbovu ni sehemu ndogo ya wagonjwa wote. Mimi husita mtu anapodai chanzo kimepatikana. Kinachonishawishi ni jinsi njia tofauti zinavyokutana. Jeni nyingine kubwa ya Parkinson, LRRK2, huhusika na usafirishaji wa vifuko ndani ya seli. Nyingine ambayo nitaieleza chini hufanya kazi ndani ya lisosomu yenyewe. Mmoja anakusanya, mwingine anasafirisha, wa tatu anateketeza, na popote pakikwama, mgonjwa anaishia kwenye kutetemeka kule kule.

Sasa tuje kwenye vidonge, maana hapa watu wetu wanapoteza fedha. Baada ya kujulikana kwamba mitokondria inaumia na kumwaga kemikali za kuunguza, wazo la haraka lilikuwa kuuzima huo moto kwa viondoa sumu, au kuilisha mitokondria kitu cha kuipa nguvu. Wazo lilikuwa la busara na lilipimwa kwa uaminifu. Vitamini E ilipewa wagonjwa wa Parkinson katika jaribio la watu 800 lililotoa majibu mwaka 1993: haikuzuia ugonjwa. Kreatini ilijaribiwa kwa watu 1,741. Jaribio likasimamishwa mwaka 2013 kwa kuwa hapakuwa na faida. Koenzaimu Q10, kwa dozi kubwa, kwa watu 600: hakuna faida, matokeo yakachapishwa mwaka 2014.

Hizo zote bado zinauzwa kwetu, kwenye makopo yenye picha ya ubongo unaong'aa, kwa bei inayomaliza akiba ya mstaafu. Anayeuza mara nyingi ni jirani au mtu wa kanisani, naye ameambiwa hivyo na aliyemwingiza kwenye biashara, na wote wawili wanaamini. Simlaumu. Ila majaribio yale matatu yalikuwa na jambo la kutuambia: kuumiminia mtambo uliopasuka mafuta mazuri hakuuzibi ufa. Pengine dawa zilianza kuchelewa, wakati nusu hivi ya seli za dopamini zimekwisha kufa, maana ndipo dalili za mwili huonekana. Pengine pia mitokondria haikuwa na njaa, ilitakiwa kuondolewa tu.

Kwenye ugonjwa wa Alzheimer, aina kuu ya ugonjwa wa kusahau, kosa limekuwa la aina nyingine. Alois Alzheimer alipoueleza mwaka 1906 aliona mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Mabonge hayo ni ya protini iitwayo amiloidi, na kwa miaka mingi fedha za utafiti zilimiminika kwenye kuyaondoa. Wakati huo huo, huko New York, Ralph Nixon na wenzake walikuwa wakitazama ndani. Mwaka 2005 walionyesha kwamba nyuroni za wagonjwa zimefurika vifurushi vya otofaji ambavyo vimekusanywa na havijateketezwa. Mwaka 2022 wakaonyesha kwa panya wa aina tano waliotengenezwa kuugua Alzheimer kwamba lisosomu zao hupoteza ukali wa asidi kabla ya bonge lolote kuonekana nje. Lisosomu bila asidi ni tanuri bila moto. Vifurushi vinazidi kujaa mpaka seli inachanua kama ua lililovimba, kisha inakufa, na bonge linabaki pale ilipokuwa imesimama.

Kama hilo ni kweli kwa binadamu pia, basi mengi ya mabonge yale ni makaburi ya seli zilizokwisha songwa na taka zake. Linabadilisha swali zima. Wapo wanaolipinga, na panya wa maabara si mzee wa miaka 80. Lakini naona lingestahili sehemu kubwa zaidi ya fedha na ya wataalamu kuliko lilivyopewa kwa miaka hiyo yote.

Wala sizibezi dawa za amiloidi. Lekanemabu, iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023, ilijaribiwa kwa watu 1,795 walio mwanzoni mwa ugonjwa. Katika miezi 18 kuzorota kwao kulikuwa pungufu kwa asilimia 27 kuliko kwa wasioipata. Ni mara ya kwanza katika historia ya ugonjwa huo kwamba kuondoa kitu kumepunguza mwendo wake, na aliyeuguza mzazi anajua thamani ya hata miezi michache ya kuitwa kwa jina lako. Hata hivyo ugonjwa haukusimama. Katika jaribio hilo dawa ilitolewa kwa dripu kila wiki mbili, mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara kwa sababu baadhi hupata uvimbe au kuvuja damu ubongoni, na bei yake ilipoingia sokoni Marekani ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Ni usafi wa uani, wakati jikoni bado panafurika.

Nimesema kuna jeni inayofanya kazi ndani ya lisosomu. Inaitwa GBA1. Inatengeneza kimeng'enya kinachokatakata aina fulani ya mafuta. Mtoto akirithi nakala mbili mbovu huugua ugonjwa wa Gaucher, wa kuvimba wengu na ini. Madaktari walioshughulika na watoto hao walianza kuona kwamba ndugu na wazazi wao, wenye nakala moja tu mbovu, wanapata Parkinson kuliko kawaida. Mwaka 2009 utafiti wa vituo vingi vya dunia, wenye wagonjwa zaidi ya 5,000, ukalithibitisha. Leo GBA1 inahesabiwa kuwa mlango mkubwa wa kurithi wa ugonjwa huo.

Karibu watu wote waliochunguzwa wakati huo walikuwa wa asili ya Ulaya, Wayahudi na watu wa Asia ya Mashariki. Mwaka 2023 ndipo watafiti wa Nigeria, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lagos, wakishirikiana na wa Uingereza na Marekani, walipowachunguza kwa wingi watu wa asili ya Afrika. Walikuta kwenye GBA1 badiliko ambalo kwa watu wa Ulaya ni nadra mno. Mwenye nakala moja ana uwezekano wa kuugua mara 1.5 hivi, mwenye mbili mara 3.5. Badiliko lenyewe halikai kwenye sehemu inayoandika protini, kwa hiyo vipimo vilivyotengenezwa kwa ajili ya wazungu vingelipita bila kuliona. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Tulikuwa na jibu letu ndani ya damu yetu muda wote huo, na hakuna aliyeuliza.

Kinacholipa uzito wa kipekee ni kwamba GBA1 ina mgombea wa dawa, na mgombea huyo anauzwa kila duka la dawa mjini: ambroksoli, ile dawa ya kikohozi ya kulainisha makohozi. Imeonekana kukisaidia kimeng'enya cha GBA1 kifike salama kwenye lisosomu. Jaribio dogo la London, la watu 17, lilionyesha mwaka 2020 kwamba dawa inafika kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo. Jaribio la Canada kwa watu 55 waliokwisha kupata usahaulifu wa Parkinson, lililochapishwa 2025, halikuonyesha kuboresha akili. Uingereza imeanza jaribio kubwa zaidi kwa watu 330. Namsihi msomaji asikimbilie dukani. Dozi iliyotumika London ilikuwa miligramu 1,260 kwa siku, zaidi ya mara kumi ya dozi ya kikohozi, chini ya uangalizi wa madaktari. Ninachokitaka mimi ni kingine: jaribio la namna hiyo lifanyike Lagos, Moshi na Nairobi, kwa watu wenye lile badiliko letu. Dawa ni ya zamani na rahisi, wataalamu wa neva wachache tulionao wana uwezo huo, na damu inayohitajika kupimwa ni yetu.

Turudi kwenye kufunga. Mwaka 2004 mtafiti Noboru Mizushima, aliyetoka kwenye maabara ya Ohsumi, aliwanyima panya chakula kwa saa 48. Otofaji ilipanda kwenye ini na misuli. Kwenye ubongo haikuonekana kupanda. Mwaka 2010 watafiti wengine waliiona ikipanda kwenye ubongo wa panya waliofungishwa. Kwa panya, siku mbili bila chakula ni karibu na kifo, wala hazilingani na mtu anayefuturu magharibi kwa uji na tende. Na kwa binadamu aliye hai hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali cha kuona otofaji ikiendelea ubongoni. Hata kama kufunga kungeharakisha ukusanyaji, yule ambaye lisosomu zake zimepoteza asidi angekuwa amewaongeza vijana wa guta huku dampo limefungwa. Huenda akazidi kuziba.

Nilimjibu shangazi hivi: wewe funga kwa ajili ya Mungu, inatosha, ibada haihitaji cheti cha Nobel. Kwa ajili ya ubongo, pima presha na unywe dawa zake kila siku, tembea jioni mpaka jasho likutoke, tibu masikio yako yanayokwenda yakififia. Hayo hayana mvuto wa ujumbe wa Nobel, lakini yamepimwa kwa watu. Jopo la jarida la Lancet mwaka 2024 lilihesabu mambo 14 ya namna hiyo, likiwemo shule utotoni, na kukadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia, yaani ugonjwa wa kusahau, duniani vinahusiana nayo.

Kuna sehemu ya habari hii iliyo karibu nasi zaidi kuliko maabara zote nilizotaja. Watafiti walipita kijiji kwa kijiji wilayani Hai, chini ya Kilimanjaro, wakitafuta wenye Parkinson kati ya wakazi zaidi ya 161,000. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Walipata watu 33, na walio wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini wala kupewa dawa, ingawa levodopa, inayorudisha dopamini, imetumika duniani tangu miaka ya 1960. Katika wilaya hiyo hiyo, wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi walichunguzwa baadaye kwa ugonjwa wa kusahau, wakakadiriwa kuwa nao kama 6 kati ya kila 100. Wengine huitwa wamerogwa. Mwanamke mzee anayezungumza peke yake usiku na kupotea njia ya kisimani anaweza kuitwa mchawi mwenyewe, na Kanda ya Ziwa tunajua hilo limewafikisha vikongwe wapi.

Dawa za kufungua dampo, zikipatikana, zitafaa kabla ya seli kufa. Miaka kadhaa kabla ya mkono kuanza kutetemeka, wengi wa wagonjwa hawa huacha kusikia harufu, hupata choo kigumu cha muda mrefu, na usingizini hupiga mateke na kelele wakipigana na ndoto. Mke hujua, mjukuu anayelala chumba kimoja na babu hujua. Daktari asipowauliza hao, mzee atafika kliniki siku kikombe cha kahawa kinapomponyoka mkononi, na wakati huo nusu ya seli zake zimekwisha kwenda.